Ufunguo wa Pili

Kaliste alikuja kunichukua Kimihurura, hapa Kigali, kwa gari ambalo viti vyake vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Ni mdogo wangu, mwanamume wa miaka arobaini na minane sasa, mwenye malori mawili ya mizigo, na hilo lilikuwa gari lake la kwanza ambalo halikuwahi kuwa la mtu mwingine. Tulikuwa tunakwenda Nyamirambo kwenye matanga ya Fundi Hamadi, mtu aliyenifundisha kazi nilipokuwa msichana. Kwenye swichi ya dashibodi zilining'inia funguo mbili zilizofungwa pamoja kwa waya mwembamba, na mojawapo haikuwa na hata mkwaruzo. Nilimwuliza kwa nini anatembea na mbili. Akasema magari mapya yote huja na mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba, na yeye hajapata mahali pa kuiweka ile ya akiba. Maneno hayo yaliingia sikio moja yakatokea la pili. Kisha, bila kufikiri, nikamwuliza kama analifanyia rodaji. Kaliste alisimamisha gari kwenye taa za barabarani. Ndipo aliposema, macho yakiwa mbele, kwamba muuzaji amemwambia injini za siku hizi hazihitaji. Nikajuta kuuliza. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa kati yetu tangu mwaka wa tisini na mbili.

Mwaka huo tulikuwa tunaishi Muhima, watatu katika chumba kimoja: mimi mwenye miaka ishirini na mmoja, Imakulata aliyekuwa na kumi na saba, na Kaliste wa kumi na tano. Wazazi hawakuwepo tena na mimi nilikuwa nimeacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mkeka mmoja, meza ya kusomea iliyokuwa pia meza ya kulia, na dirisha lililotazama ngazi za mawe, hivi kwamba asubuhi tuliwajua majirani kwa viatu vyao. Niliamka kwanza, nikapika uji wa mtama, nikawaachia wawili hao sufuria na kuteremka kwa miguu hadi Nyabugogo, kisha kupanda upande wa pili mpaka Gatsata, kwenye gereji ya Hamadi. Nilianza pale nikiosha vipuri kwa petroli. Baadaye nilisogeza magari uani, na siku moja Hamadi alisimama akaniangalia nikirudisha lori nyuma kati ya kuta mbili, akasema kwa wale mafundi wengine, si kwangu, kwamba mguu wa huyu binti hauna haraka. Kwa hiyo akanitafutia leseni na akanipa kazi ambayo pale gerejini ilionekana kuwa heshima kubwa, nayo ni kuendesha magari mapya.

Ni lazima nieleze hapa, maana vijana hawajui. Zamani hizo mtu akinunua gari jipya kabisa hakulikimbiza. Kwa kilomita elfu moja na mia tano za kwanza lilitembezwa kama mgonjwa anayejifunza kutembea tena. Halikupita kilomita sabini kwa saa, halikubeba mzigo, na halikupandishwa mlima kwa gia nzito mpaka likaanza kulia. Pia halikuachwa kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu, bali liliongezwa na kupunguzwa, liongezwe na kupunguzwa. Hiyo ndiyo rodaji. Hamadi alikuwa na sheria yake zaidi ya masharti hayo ya kiwandani, ambayo sijaisikia kwa fundi mwingine: injini mpya ifundishwe na mguu mmoja tu. Akishamchagua mtu, mwingine haruhusiwi kuligusa gari, hata mwenye gari, hata Hamadi mwenyewe. Kwenye kioo cha nyuma aliweka karatasi nyeupe aliyoiandika kwa mkono wake, herufi kubwa nyeusi: EN RODAGE, yaani liko katika rodaji kwa Kifaransa, ili walio nyuma wajue na wavumilie. Hawakuvumilia. Pale Nyabugogo wapiga debe waliniuliza kama nimebeba mayai, au kama ninamsindikiza maiti asiye na ndugu. Mmoja alikimbia kando yangu kwa miguu, akanipita, akageuka kunipungia mkono. Mimi nilikuwa na jibu moja kwa wote, kwa Kiswahili cha gerejini: "Iko rodaji."

Pikapu nyeupe ililetwa mwanzoni mwa mwaka. Ilikuwa ya Bwana Anastazi, mfanyabiashara wa jumla pale Muhima, aliyeuza sabuni na maharage. Alikuja nayo akiwa na shemeji yake, Bwana Feliksi, aliyekuwa amerudi kutoka Ubelgiji na kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Feliksi alisema rodaji ni imani ya wazee. Injini sasa inatengenezwa na mashine isiyokosea, mafuta yameboreshwa, na huko Ulaya mtu anatoka na gari dukani na kuingia nalo moja kwa moja kwenye barabara kuu. Hamadi alimsikiliza mpaka mwisho huku akipangusa spana. Kisha akajibu kwa upole, kama mtu anayeeleza namna ya kupika:

"Chuma mbili hizi hazijajuana, mheshimiwa. Ukizikimbiza siku ya kwanza, zinakulana."

Anastazi alicheka na kumwunga mkono fundi. Akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, akauliza kama ni mimi. Hamadi akasema ni mimi. Basi akaniahidi mbele yao wote kwamba nikiimaliza rodaji na injini ikawa safi, nitakuwa dereva wake wa kudumu. Nilirudi nyumbani nikaeleza habari hiyo tukila maharage na ndizi, na Imakulata akaacha kijiko. Sote watatu tulielewa maana yake. Kwa kazi ya gerejini nilikuwa ninaweza kumsomesha mmoja na nusu, na kila muhula nilikuwa naomba subira kwa ajili ya ile nusu. Kwa mshahara wa Anastazi wangesoma wote wawili mpaka mwisho.

Nikawa ninatoka asubuhi, mara moja au mbili kwa wiki, kuelekea Rwamagana na kurudi, au Gitarama na kurudi. Upande wa kaskazini sikwenda kwa sababu ya vita. Kwenye vizuizi askari walisoma ile karatasi, wakasoma kitambulisho changu, wakairudia karatasi na kucheka. Niliandika kilomita za kila safari katika daftari la shule la Kaliste lililobaki kurasa. Zilipofika mia tano, Hamadi alimwaga mafuta ya kwanza kwenye sahani nyeupe ya chakula, akachovya kidole na kukiinua juani. Kulikuwa na vumbi laini la kijivu, kama majivu. Akasema huo ni unga wa kujuana, na kwamba sijawahi kumwangusha. Siku hiyo alinipa nyama ya kwenye sahani yake. Kaliste alikuwa amekuja gerejini baada ya shule, kama alivyopenda, na ni siku hiyohiyo alipouliza mbele ya watu wote ni vipi madereva wa serikali wanaiba safari bila kilomita kuonekana. Mafundi wakacheka. Hamadi akamwita chini ya dashibodi ya gari bovu, akamwonyesha waya unaozungusha mita, jinsi unavyofunguliwa kwa vidole viwili tu na kurudishwa bila alama.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu tulikaa chini ya bati kula chakula cha mchana, ugali wa muhogo na isombe ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, na Silasi, mpaka rangi, akawa anasimulia habari za Bugesera, kusini mwa mji. Kila mtu alijua kwamba huko nyumba zilikuwa zinachomwa na watu wanakimbilia makanisani. Silasi alisimulia kama mtu anayesimulia mpira. Alisema huko wanasafisha, na kwamba hata hapa mjini ingefaa watu wafagie nyumba zao. Wawili walicheka. Mimi niliangalia sahani yangu. Hamadi alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha sahanini na kunawa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya siku zote, pikapu imefika kilomita ngapi. Nikasema elfu moja mia moja na kumi na mbili. Akasema bado kidogo, tusiiharakishe.

Ufunguo wa pikapu nilikuwa nalala nao. Nilirudi nao nyumbani kila jioni na kuutundika kwenye msumari juu ya kitanda, na gari lilibaki uani Gatsata. Jumapili mimi na Imakulata tulikwenda misa. Kaliste alisema tumbo linamuuma. Tuliporudi hakuwepo. Alikuja mchana umekwisha, amejaa tope mpaka magotini, akasema alikuwa akicheza mpira. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Nilimgombeza kwa sababu ya misa, nikafua suruali, yakaisha.

Jumatatu nilimkuta Hamadi amefika kabla yangu, na pikapu ikiwa inadondosha maji. Alisema ilikuwa na vumbi, kwa hiyo ameiosha. Nilimshukuru. Nikawasha, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kwenye kioo cha pembeni, moshi wa bluu. Halafu nikasikia mlio wa kugonga, mdogo, wa haraka, kama kijiko kwenye sufuria tupu. Nikazima. Nilikaa pale, mikono kwenye usukani, nikijiambia kwamba nimesikia gari jingine. Nikawasha tena na ilikuwa ni yetu. Nilipochomoa kijiti cha mafuta kilitoka karibu kikavu. Yale machache yaliyobaki niliyamwaga mwenyewe kwenye ile sahani nyeupe, na ndani yake mlikuwa na vipande vinavyometa, kama magamba ya samaki. Nakumbuka niliitafuta ardhi kwa mkono kabla ya kukaa. Kilomita zilikuwa elfu moja mia moja na kumi na mbili, zilezile za Jumamosi. Nikaingia chini ya dashibodi, nikaugusa waya wa mita. Ulikuwa umerudishwa, lakini haukukazwa.

Hamadi alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Sikuhitaji kufikiri. Kulikuwa na ufunguo mmoja na ulikuwa umelala nyumbani kwangu. Kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki nyumbani, aliyeonyeshwa waya ule, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuendesha pale uani. Nikasema, "Ni Kaliste." Hamadi alikuwa akifuta kidole kimoja kwa kitambaa, akaendelea kukifuta hichohicho kwa muda mrefu.

"Usimpige mtoto," akasema.

Kisha akalala chini na kuingia uvunguni mwa gari, nikabaki naongea na viatu vyake.

Nilimpiga. Nilitoka gerejini jioni ile na mkanda wa feni uliochakaa, nikautembeza toka Gatsata hadi Muhima mkononi, na watu wakanipisha. Kaliste hakukimbia. Alisema, "Sikuigusa, Dada," na akalisema tena kila nilipopumzika, mpaka Imakulata aliponishika mkono. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira ya kuona kwamba mtoto niliyemlea anaweza kunitazama usoni na kudanganya namna ile.

Bwana Anastazi alikuja na shemeji yake. Feliksi aliinama juu ya sahani, akavua miwani kwa mara ya kwanza, akasema: basi hii ndiyo faida ya rodaji, miezi miwili ya kutembea kama kobe na injini imekufa vilevile. Nilimtazama Hamadi nikingoja ajibu. Alikuwa na maneno ya kumjibu. Niliyajua kwa moyo. Badala yake alisema tu kwamba ataitengeneza yeye, bila malipo, na ikamchukua wiki tatu akiwa peke yake ndani ya injini ile, hataki msaidizi. Nilidhani anafanya hivyo kwa ajili yangu. Kazi ya Anastazi alipewa mwanamume mmoja kutoka Remera, na mafundi wakaanza kuniomba niwaoshee vipuri kama zamani. Muhula mpya ulipofika nilikuwa na uwezo wa kumpeleka mmoja. Nikamchagua Imakulata. Nilimwambia Kaliste sababu bila kuficha: aliyevunja ndiye anayekosa. Alichukua daftari lake, lile lenye kilomita zangu, akalichana katikati, sehemu yake na sehemu yangu. Siku iliyofuata akaenda Nyabugogo kubeba magunia.

Yaliyokuja miaka miwili baadaye sitayaweka hapa. Nitasema tu kwamba Imakulata, niliyemchagulia shule, hatukutoka naye katika mwaka wa tisini na nne. Tulibaki wawili, mimi na yule niliyemwadhibu. Tumesaidiana, tumezika pamoja, amenisaidia kufungua mgahawa wangu, watoto wake wananiita shangazi na wananipenda. Lakini hajawahi kulala nyumbani kwangu, hata mara moja, na sijawahi kumwachia ufunguo. Naye Hamadi aliendelea kuishi, akazeeka. Kila Idi aliniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa, nami Mkristo. Na kila tulipokutana aliuliza habari za Kaliste kabla ya kuniuliza zangu. Nilisema kwa watu kwamba ule ndio ustaarabu wa Waislamu, kumtanguliza mdogo.

Sasa nirudi matangani. Uani kwa Hamadi walikuwa wametandika turubai, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na tukapewa chai ya tangawizi. Ilikuwa saa tisa mchana. Watu walisimama mmoja mmoja kumsema marehemu, na wengi walisema tulichokijua, kwamba alikuwa mkweli na mtaratibu. Kisha akasimama mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyejifunga kitenge cha kijivu, ambaye hakuna aliyemjua upande wetu. Alijitambulisha kuwa ametoka Bugesera. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli na rafiki wa Hamadi. Akasimulia kwamba mwaka wa tisini na mbili, nyumba yao ilipochomwa, walikaa siku mbili kwenye shamba la mtama wakinyeshewa, na kwamba Jumapili asubuhi Hamadi alikuja akiwa peke yake na gari, akawapakia watu kumi na mmoja, mmoja juu ya mwingine. Kuna waliowafukuza. Kutoka daraja la Nyabarongo mpaka juu ya mlima gari lilikuwa linalia kama mnyama, alisema, na lilitoa moshi, lakini Hamadi hakupunguza. Aliwaficha katika stoo ya nyumba hii hii mwezi mzima, na akawaapisha wasiseme.

"Nilikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza najua kusoma," alisema. "Tulilazwa nyuma ya pikapu, na mbele ya uso wangu kwenye kioo kulikuwa na karatasi. Mama akaniambia, soma hiyo, usiangalie barabara. Nikasoma mpaka Kigali. E, N. R, O, D, A, G, E. Sikujua maana yake. Nilifikiri ni jina la huyu mzee."

Watu wakacheka kidogo na kulia kidogo. Mimi sikusikia wengine walisema nini baada ya hapo. Nilichokuwa nakiona ni zile funguo mbili kwenye dashibodi ya Kaliste, zimefungwa kwa waya. Kila gari jipya huja na mbili. Pale Gatsata tulitengeneza magari yaliyopita mikono mitano, sita, kila moja na ufunguo wake mmoja uliofungiwa kamba ya kiatu, na yale machache mapya niliyoyaendesha nilikabidhiwa ufunguo mmoja na sikuuliza. Nilijua kusikiliza pistoni kwa sikio. Nilijua mafuta kwa kidole. Lakini sikujua jambo ambalo kila mwenye gari analijua siku ya kwanza. Ule wa pili Anastazi alikuwa amemwachia Hamadi, wapi pengine? Nikainua macho. Kaliste alikuwa kwenye benchi upande wa pili wa uwanja, ananitazama. Sijui alikuwa ameanza kunitazama lini.

Tangu siku ile nimejaribu kumweka Hamadi mahali pamoja na sijaweza. Ninaelewa kwa nini hakusema Jumatatu ile. Silasi alikuwa anapaka rangi hatua kumi kutoka pale tulipokuwa, na neno moja lingewafikisha wauaji mpaka kwenye ile stoo. Ningekuwa mimi, ningewachukua watu kumi na mmoja na kuiacha injini ife; hilo sina shaka nalo. Lakini Silasi aliondoka, Anastazi akafa, miaka ikapita thelathini, na mzee yule alikuja mlangoni kwangu na pilau, akaketi, akauliza, "Mdogo wako hajambo?" na akaondoka. Ningependa kumchukia, na ninapofika hapo ninamwona mtoto wa miaka saba anasoma karatasi. Ninageukia upande wangu na huko hakuna pa kujificha. Mkanda wa feni haukushikwa na Hamadi. Yeye alisema nisimpige.

Tuliondoka kabla ya magharibi. Kaliste alitembea mbele yangu mpaka kwenye gari, akasimama upande wa dereva bila kufungua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima tangu uani. Nikasema moja tu ambalo nilikuwa nalo tangu mwanzo wa maisha yake: "Kaliste." Alikuwa anahangaika na zile funguo. Nilidhani anatafuta ya mlango, kumbe anaufungua waya. Ulikuwa mgumu, ukamchoma kidole, akaunyonya kidole na kuendelea. Alipomaliza akaniwekea mkononi ule usio na mkwaruzo.

"Endesha wewe, Dada."

Nilikuwa sijashika usukani miaka mingi. Niliwasha nikasikiliza kwanza, kisha nikateremka taratibu kuelekea mjini, nikiongeza na kupunguza, nikiongeza na kupunguza, sindano haigusi sabini. Tulipoanza kupanda mlima, magari yalikuwa yamepangana nyuma yetu, na mtu mmoja akapiga honi, kisha wote. Nikatafuta kioo. Kaliste hakugeuka kuwaangalia. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kiti chenye nailoni, macho amefumba.

"Waache," akasema. "Iko rodaji."